Kitufe Alichobonyeza Wade

Kama unaye binti, na binti huyo anapendwa na kijana mzuri, usije ukafanya nilichofanya mimi mwezi ule wa nne. Kijana mbaya hana shida. Unamwona kwa mbali anakuja, unafunga mlango, yamekwisha. Wa kuogopa ni kijana mzuri, kwa sababu huyo utataka kumtumia.

Na Wade Kessler alikuwa mzuri. Sisemi sura tu, ingawa sura alijaliwa, na mabega ya mtu aliyebeba marobota ya nyasi tangu utotoni. Akiingia kwangu anavua buti mlangoni bila kuambiwa. Anakula tambi zangu za kuku juu ya viazi vya kuponda, anaongeza, kisha anaosha sahani yake mwenyewe. Na jinsi alivyokuwa akimtazama Leanna wangu! Leanna akiinuka kufuata chumvi, macho ya Wade yanainuka naye. Akikaa, yanakaa. Mimi niko pale pale mezani nimeshika bakuli, hakuna anayeniona, na nilikuwa nafurahi kutoonekana.

Miaka miwili walikuwa hivyo. Nikawaozesha kichwani mwangu. Wade angekwenda Chuo Kikuu cha Jimbo kule mji mkuu, kama baba yake na babu yake, watu wa kuvaa nyekundu ya chuo hicho kila Jumamosi ya mpira. Leanna angekwenda huko huko asomee uuguzi. Ni mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka mlangoni kwangu, Jumapili wangekuja kula. Halafu wangerudi moja kwa moja, wakae kwenye lile shamba dogo ng'ambo ya barabara. Hata rangi ya mapazia nilikuwa nimeshaichagua.

Jimbo walikuwa wameshamkubali Leanna, ndipo ikaja barua ya Wexley.

Wexley ni chuo kidogo, kiko juu ya kilima katika jimbo jingine, mwendo wa saa tisa kwa gari. Walikuwa wamempa Leanna ufadhili ambao hata mume wangu Dale, mtu asiyeshangaa kitu, alivua kofia kuusoma.

"Utasoma nini huko?" nilimwuliza.

"Kila kitu, Mama."

"Kila kitu ndiyo kazi gani?"

"Inaitwa elimu huria. Mwaka wa kwanza huchagui fani. Unasoma nyota, unasoma historia, unasoma Kigiriki cha kale, unasoma udongo..."

"Udongo uko hapo nje. Chukua jembe."

Alicheka. Leanna huwa anacheka ukimpinga, ndiyo maana ni vigumu kugombana naye. "Na huria yenyewe ni ya nini?" niliendelea. "Ya kutofanya kazi? Kule Jimbo wapo wanafunzi elfu sitini. Elfu sitini wote wajinga, ila hawa elfu moja wa kilimani ndio wenye akili?"

"Sijasema hivyo. Kwa Wade, Jimbo ni pazuri kabisa. Yeye anajua anachotaka, na wanacho. Lakini nilipotembelea kule niliingizwa kwenye ukumbi wa watu mia saba, Mama. Mwalimu alikuwa mdogo kama njiti ya kiberiti. Wexley tulikaa kumi na mmoja kwenye meza moja. Mwalimu bibi kizee akaniuliza, wewe mgeni, unaonaje? Nikakwama. Na yeye akangoja." Hapo sauti yake ikashuka. "Alingoja, Mama. Hakunisaidia wala hakumgeukia mwingine. Sijawahi kungojwa vile nimalize kufikiri."

Nilimwambia viazi vinaungua. Havikuwa vinaungua.

Lazima niseme hapa kwa nini niliogopa, maana bila hivyo utaniona mwehu. Mimi shule niliishia darasa la nane, kama watoto wote wa kwetu. Watu wangu ni wale wa magari ya farasi na taa za mafuta, ambao dini yao inakataa umeme na magari ya injini, na kwao darasa la nane linamtosha mtu hadi kaburini. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilimpenda Dale, mtu wa nje, mwenye lori la maziwa. Asubuhi niliyoondoka mama yangu alikuwa anaosha vyombo. Nikasema, Mama, naenda. Hakugeuka. Aliosha sahani ile ile moja, akaiosha, akaiosha, mpaka nikatoka. Sijutii Dale hata siku moja. Lakini nilijifunza kwamba mtoto akitoka kwenda mbali anaweza kutoka moja kwa moja. Wengine wanaogopa magonjwa. Mimi naogopa begi lililofungwa karibu na mlango.

Basi sikiliza nilichofanya.

Jumamosi moja mwezi wa nne, Leanna yuko kazini kwenye duka la jibini, nilimwita Wade aje kunitengenezea mashine ya kukaushia nguo. Mashine ilikuwa na ubovu kidogo, sikusema uongo. Alipomaliza nikampa kahawa na kipande cha pai, nikaisogeza kompyuta ya Leanna mbele yake.

"Wade, mwanangu, wewe unajua mambo haya. Hebu nifungulie pale Leanna anapoandikiana na Chuo cha Jimbo."

"Mwenyewe anajua, Bi. Verna?"

"Ni kumshikia nafasi tu. Kama vile unavyoweka koti lako kwenye benchi kanisani. Akija akakaa, sawa. Asipokuja, unachukua koti lako."

Wade aliitazama kompyuta muda mrefu. Neno la siri alilijua, Leanna hamfichi kitu. Alilijua na akaona haya kulijua, nilimwona masikio yakiwa mekundu.

"Hajaamua bado," nikamwambia. "Moyo wake uko kwako, mwanangu, kichwa ndicho kiko kilimani. Unataka akose nafasi huku, halafu mwezi wa saba aanze kulia?"

"Sitaki alie."

"Haya."

Akaandika. Nikamsomea tarakimu za kadi yangu ya benki, kulipia fedha ya uthibitisho. Mwisho kikaja kitufe kimoja chekundu katikati ya kioo, kimeandikwa NATHIBITISHA. Kidole cha Wade kikasimama juu yake. Nikamkatia kipande cha pili cha pai. Akabonyeza.

Kwa siku chache nililala vizuri.

Leanna naye, siku nne baadaye, alithibitisha Wexley mwenyewe, akatuambia mezani huku anatabasamu hadi sikioni. Dale akampongeza. Wade akasema "Hongera" kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa, akanitazama. Mimi nikatazama chumvi. Nilijiambia, koti si liko kwenye benchi? Zimebaki wiki kadhaa, msichana hubadilika.

Sikujua, na hakuna aliyeniambia, na hata ningeambiwa nisingesikia, kwamba huku kwetu mwanafunzi haruhusiwi kukubali vyuo viwili. Unakubali kimoja. Vikigundua umekubali viwili, vyote vinaweza kukufuta, ukabaki nyumbani na barua zako mbili nzuri.

Tarehe moja mwezi wa tano ndiyo siku ya mwisho ya kuchagua, na ndiyo siku watoto wa darasa la mwisho huvaa fulana ya chuo wanachokwenda. Asubuhi ile Leanna alitoka na fulana ya kijani ya Wexley, Wade akamfuata na nyekundu yake. Nikawapiga picha barazani. Wade alimwekea mkono begani kama mtu anayeshika kitu cha kuazima.

Saa tisa na dakika kumi alasiri nilisikia mlango. Leanna aliingia, na hakufunga. Nyuma yake Wade. Buti akavua, hata siku ile.

"Kaeni," nilisema. "Kuna pai ya..."

"Mama, ngoja kidogo." Leanna hakuwa analia. Alikuwa amenyooka kama mti wa bendera. Aliweka karatasi mezani. "Bi. Krall ameniita ofisini." Bi. Krall ndiye mshauri wa wanafunzi pale shuleni. "Kaniuliza, Leanna, wewe unakwenda vyuo vingapi? Vyuo viwili vimemwomba matokeo yangu ya mwisho. Shule hutuma chuo kimoja tu. Wexley na Jimbo, vyote vinasema nimethibitisha. Nimemwambia ni makosa ya mashine. Kanionyesha tarehe. Kanionyesha saa. Jumamosi ile nilikuwa dukani nakata jibini." Akageuka. "Wade. Neno langu la siri analijua mtu mmoja duniani."

Wade alikuwa amesimama na soksi zake kwenye kapeti.

"Ni mimi," alisema.

"Sema tena."

"Nilibonyeza mimi. Ni mimi, Lea."

Nilimngoja aendelee. Nilimngoja aseme, mama yako aliniita, mama yako alinikatia pai. Hakusema. Alinitazama mara moja tu, haraka, macho yale yaliyozoea kuinuka na kukaa na binti yangu, kisha akatazama chini. Kijana alikuwa ananifichia siri. Na mimi, mama mzima, nikamwacha anifichie.

"Kwa nini?" Leanna aliuliza.

"Kwa sababu nilitaka uje."

"Ungeniomba!"

"Ningekuomba ungesema hapana."

"Basi ndiyo ungeisikia hiyo hapana, Wade! Ungeisikia usoni, tukalia wote wawili, yakaisha. Mimi nimekuambia kila kitu. Nimekuambia hata vitu ambavyo mimi mwenyewe sijavielewa. Na wewe umeingia kwenye jina langu kama mtu anayeingia kwenye banda la ng'ombe."

"Lea..."

"Usiniite Lea. Kama unaweza kufanya hivi tukiwa tunakaa maili mbili, utafanya nini tukiwa mwendo wa saa tisa? Au ndiyo ulikuwa unajaribu kuniambia hatuwezi? Basi sawa. Nimekusikia. Hatuwezi. Tumemalizana."

Sijawahi kuona mtu mkubwa akiwa mdogo haraka vile. Wade aligeuka. Akaenda mlangoni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuvaa buti. Mguu mmoja. Akafunga kamba taratibu, kama aliyesahau kamba hufungwaje.

Wewe ungefanya nini? Usijibu haraka. Maana kulikuwa na sauti ndani yangu inasema, Verna, nyamaza. Kijana amejitolea mwenyewe. Binti yako atalia wiki mbili, halafu atakupenda wewe kuliko zamani. Ukisema sasa, atakapofika huko mbali hatakuandikia hata mstari mmoja.

Wade alichukua buti la pili.

"Ni mimi," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na sauti ikatoka kubwa mno, kama ya mtu anayeita kuku. "Ni mimi, Leanna! Mimi ndiye niliyemwita. Nikamwambia ni kushika nafasi tu. Akaniuliza kama wewe unajua, nikamzungusha. Kadi niliyolipia ni yangu mimi."

Leanna alinigeukia taratibu. Wade kwenye kigoda, buti moja mguuni, jingine mkononi, alisema, "Bi. Verna, haikuwa lazima."

"Nyamaza wewe, nilikukatia pai mbili."

"Nilijua," alisema. Sasa alikuwa anamtazama Leanna, si mimi. "Usimwachie yeye peke yake. Aliposema kushika nafasi, nilijua si kweli. Kidole changu kilijua. Nilitaka kuamini kwa sababu ilinifaa."

Nje lilipita gari la farasi, kwato zake zikasikika mpaka zikapotea.

"Mama," Leanna alisema, "ulitaka nibaki kwa ajili ya Wade, au kwa ajili yako?"

Nilitaka kusema kwa ajili yako wewe. Ndilo jibu ambalo mama huwa nalo tayari, limepigwa pasi. Nilimtazama usoni nikaona hatalipokea.

"Kwa ajili yangu."

"Asante," alisema, na hapo ndipo macho yake yalipolowa, kwa mara ya kwanza. "Angalau mmoja amejibu nilichouliza." Akajifuta kwa mkono wa fulana ya kijani. Akamgeukia Wade. "Na wewe. Sema sasa. Hicho ulichoogopa kuniambia. Kiseme kwa mdomo wako."

Wade alisimama, mguu mmoja na buti, mmoja na soksi, kapinda upande.

"Usiende," alisema. Sauti yake ilipasuka. "Nakupenda, Leanna. Usiende."

"Naenda," Leanna alisema. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayemwambia mwenzake saa. "Na mimi nakupenda. Umeona? Tumesema, na nyumba haijaanguka."

Nikakaa.

Leanna alichukua simu, akapiga Jimbo, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi. Msichana upande wa pili alikuwa na haraka.

"Naomba mfute nafasi yangu," Leanna alisema, akataja jina na namba.

"Sababu ya kujitoa?"

"Haikuwa nafasi yangu."

"Sina hiyo kwenye orodha. Niandike 'chuo kingine'?"

"Andika."

"Hati ya kujitoa utaipata kwenye barua pepe sasa hivi. Fedha ya uthibitisho hairudishwi."

"Inafaa isirudi," Leanna alisema, huku akinitazama. Nilistahili.

Alipokata, aligonga karatasi ile mezani kwa kidole. "Sasa hii. Bi. Krall aliwapigia Wexley mbele yangu, akawaambia ukweli. Wamesema wakipata hati ya kujitoa na karatasi hii yenye saini ya mzazi kabla ya saa kumi, wataliacha lipite. Saa kumi ikipita, nafasi na ufadhili vinakwenda kwa mtu aliyeko kwenye orodha ya kungoja. Sijatimiza miaka kumi na nane, Mama. Na Baba yuko barabarani na maziwa, harudi mpaka kesho. Na hutasaini hapa. Utasaini mbele ya Bi. Krall, anataka kukuona."

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano.

Pikapu ya Wade ilikuwa imeziba gari langu, na muda wa kuhamishahamisha haukuwepo. Tukapanda wote watatu kwenye kiti kimoja. Leanna akachukua dirisha, mimi nikawekwa katikati kama gunia, gia katikati ya magoti yangu. Kwenye kilima cha kwanza mbele yetu lilikuwa gari la farasi, jeusi, linapanda pole pole kama vile siku haina mwisho.

"Nipite?" Wade aliuliza.

"Usipite mlimani," Leanna na mimi tulisema pamoja.

Saa tisa na dakika arobaini na tatu. Farasi alikuwa anatikisa mkia.

"Piga honi," nilisema.

"Mama! Watu wako hao."

"Ndiyo maana nakwambia piga. Mimi nawajua, watasogea."

Wade hakupiga. Alipunguza mwendo, akaacha nafasi. Nilimtazama pembeni, taya lake limekaza, macho mekundu, na bado anamwachia mnyama wa watu nafasi. Moyo uliniuma kwa namna ambayo sikuitegemea. Kijana huyu nilikuwa nataka awe wangu, na nilikuwa nimemharibia kwa mkono wangu mwenyewe.

"Wade," nilisema, "nisamehe."

"Sawa, Bi. Verna."

"Usiseme sawa. Nikasirikie kidogo."

"Nimekukasirikia," alisema. "Lakini naendesha."

Upande wa dirisha nilisikia Leanna akicheka puani, ghafla, bila kutaka. Kicheko kimoja kifupi. Wade alikisikia. Mikono yake kwenye usukani ilibadilika.

Kwenye tambarare tukapita. Mwanamke aliyeshika hatamu aliinua mkono kutusalimu. Sikumjua.

Bi. Krall alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani mnyororoni. Saa ya ukutani kwake ilisema tisa na hamsini na mbili. Leanna alimpa hati ya kujitoa, imetumwa, imepokelewa. Kisha karatasi ikaja mbele yangu na kalamu.

"Bi. Hostetler," alisema Bi. Krall, "soma kwanza. Ukisaini, matokeo yanakwenda Wexley. Hayawezi kurudi."

Mimi si mtu wa karatasi. Lakini niliisoma yote, neno kwa neno, kwa kidole, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyenihimiza. Pale palipoandikwa jina la mwanafunzi, Leanna alikuwa ameandika jina lake kamili kwa mwandiko nisioujua. Mwandiko wa mtu mzima. Sijui aliupata lini.

Nilishika kalamu. Nitasema ukweli kwa kuwa ndio tunaouzungumza. Nilifikiri, dakika tano tu zimebaki, Verna. Dondosha kalamu. Zimia. Wanawake huzimia. Dakika tano, na yuko nyumbani.

Leanna hakunishika bega. Hakuniambia tafadhali. Alisimama kando yangu, akiangalia mikono yangu. Nikatambua alikuwa ananingoja nimalize kufikiri.

Nikasaini. Verna Hostetler, na ile V kubwa kupita kiasi.

Bi. Krall akaipitisha kwenye mashine, mashine ikanguruma, ikatema. "Imefika," alisema. "Hongera, Leanna."

Leanna alinibusu shavuni, haraka, kavu. Halikuwa busu la kusamehe. Lilikuwa la kuanza kusamehe. "Nakwenda nje kidogo," alisema, akatoka.

Ofisi ile inatazama maegesho ya magari. Wade alikuwa amekaa nyuma ya pikapu, miguu inaning'inia, nyekundu yake inaonekana kutoka mbali. Leanna alimwendea moja kwa moja, hakuzunguka. Akasimama mbele yake. Akaanza kusema.

Nilisogea dirishani. Alikuwa anasema jambo refu, mkono mmoja unakata hewa. Wade anatikisa kichwa. Wade anasema. Leanna anakataa. Wade anauliza kitu, na Leanna anainua vidole, sita, nikavihesabu, sita. Sita nini? Wiki? Miezi? Mara? Wade akainua vinne. Leanna akarudia sita, hachezi. Wade akaangalia angani, akaangalia viatu, halafu akainua sita na yeye.

"Wanasema nini?" nilimwuliza Bi. Krall.

"Siwezi kujua."

Nilipapasa pembeni mwa fremu nikitafuta komeo. Nikasukuma. Nikasukuma tena kwa kiganja.

"Bi. Hostetler," alisema mwanamke yule nyuma yangu, kwa upole tu, huku anapanga faili zake, "hilo dirisha halifunguki."

Kule nje Wade aliteremka kutoka kwenye pikapu. Hakumkumbatia. Alisimama, mikono chini, akingoja. Leanna ndiye aliyepiga hatua iliyobaki. Akaweka paji lake la uso kwenye kifua kile chekundu, na mikono ya Wade ikapanda mgongoni kwake polepole, kama mtu anayeruhusiwa kitu kwa mara ya kwanza.

Nilimwuliza baadaye, tuko jikoni wawili, hiyo sita ilikuwa nini.

"Hiyo yangu, Mama," alisema, akachukua taulo kunifutia vyombo.

Nami, pamoja na jinsi nilivyokuwa nataka kujua, nilimpa sahani nyingine, na sikuuliza tena.